Filimbi ya feza ya mabaharia: sauti yenye upepo haiwezi kufunika

Mutu mwenye amekwisha kusafiri ku ziwa wakati upepo unavuma anajua jambo hili: kapiteni anaweza kupiga makelele mpaka sauti inakauka, lakini mwenye kuwa ku ncha ingine ya bato hasikie kitu. Anaona tu mudomo unafunguka na kufungika. Kwetu ile ni shida ya metre 20 ao 30. Sasa mufikirie meli ya vita ya zamani kama Victory ya Waingereza, yenye ilipigana ku Trafalgar tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka wa 1805. Ilikuwa na watu zaidi ya 800 ndani, na mulingoti wake mukubwa ulipanda zaidi ya metre 60 juu ya maji. Kule juu wanaume walikuwa wanasimama ku kamba, hata usiku, hata mu mvua, kwa kufunga na kufungua matanga. Nani kati yao angesikia maneno ya mutu mwenye kusimama chini?

Jibu la mabaharia lilikuwa chombo kidogo chenye kinaenea mu kiganja: filimbi. Si ile sifle ya arbitre yenye tunasikia ku stade kila siku ya mungu. Ile ya mabaharia iko na umbo lake yenyewe, na nzuri kati yao zilifanywa na feza, zikachorwa majani na nanga, zikaning'inia ku shingo na munyororo wa feza. Mutu akiiona kwa mara ya kwanza anaweza kufikiri ni kitu cha mapambo tu. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha kazi, na mwenye hakuisikia ao hakuielewa angeweza kufa na kuua wenzake.

Mu habari hii tunaeleza filimbi ile imefanywa namna gani, nani alikuwa na haki ya kuipiga, na sababu gani mpaka leo inalia ndani ya meli zenye redio na vipaza-sauti.

Mwenye filimbi

Mu meli za Waingereza, filimbi ilikuwa ya mukubwa wa kazi za ku sitaha. Ni yeye mwenye kuangalia kamba, matanga, nanga na mashua ndogo, na kuita watu ku kazi. Ku pwani ya Bahari ya Hindi, Waswahili wanamuita serahangi. Mu Kifaransa cha mabaharia wanamuita bosco, na jina lile haina uhusiano na mutakatifu Don Bosco, mwenye masomo mingi ya kwetu inabeba jina lake.

Serahangi si kapiteni. Kapiteni anakata shauri. Serahangi na wasaidizi wake wanafikisha shauri lile ku masikio ya watu wote, kisha wanaangalia kama limefanyika. Filimbi ni alama ya kazi yake, kama vile cheo ku bega la askari. Mu meli nyingi za vita, kuona munyororo wa filimbi ku kifua cha mutu inatosha kujua yeye ni nani.

Vipande vyake vine

Ukiishika mu mukono utaona vipande vine. Cha kwanza ni mupira mudogo wa chuma, wenye kuwa wazi ndani na tundu juu. Mabaharia wanauita boya. Cha pili ni murija mwembamba, wenye kupindika kidogo, wenye kupeleka hewa mpaka ku tundu la boya, wanauita muzinga. Cha tatu ni ubapa wa chuma chini ya murija, wenye kuunganisha vyote na kusaidia vidole kushika. Wanauita mukuku, ni kusema ule muti wa chini kabisa wenye kubeba meli yote. Cha ine ni pete ya kufungia munyororo. Boya, muzinga, mukuku, pete: mwenye alitoa majina haya alikuwa na meli mu kichwa, hakuna kitu kingine.

Namna inalia ni hivi. Hewa inatoka ku murija, inagonga ukingo wa tundu, na hewa yenye kuwa ndani ya boya inatetemeka. Ni kazi ileile yenye mutoto anafanyaka wakati anapuliza ku mudomo wa chupa tupu. Tofauti ni ukubwa. Chupa iko na nafasi mingi ndani, ndiyo maana inatoa sauti nzito. Boya ni ndogo sana, kwa hiyo sauti yake ni nyembamba na kali. Ngurumo ya mawimbi, kelele ya upepo ku kamba, na sauti ya mwanaume mwenye kuita, vyote viko chini na vinachanganyika. Sauti ya filimbi inapita juu yao, na sikio linaitambua palepale.

Filimbi hii haina matundu mengi ya kuchezesha vidole. Mupigaji anaishika mu mukono wa kuume, boya inakaa mu kiganja, kidole gumba kiko karibu na pete, vidole vingine vinazunguka boya. Mukono ukifunguka, sauti ni ya chini. Vidole vikifungika karibu na boya na kuzuia hewa, sauti inapanda juu. Lakini lazima kuwa muangalifu: kidole kikigusa ukingo wa tundu, filimbi inanyamaza kabisa. Kisha kuna kazi ya pumzi na ulimi. Mupigaji anaweza kutoa sauti yenye kunyooka, ao yenye kukatika-katika kama ya ndege, ao yenye kutetemeka, wakati anatikisa ulimi kama mwenye kutamka «rrr» kwa muda murefu.

Sauti mbili, na namna tatu za kuzipiga: ni hayo tu. Na hayo madogo yalitosha kwa kutoa amri nyingi.

Lugha yenye haina maneno

Mufano wa kwanza ni amri ya kusimama. Ni sauti moja ya juu, yenye kunyooka, kwa sekunde nane hivi. Mwenye kuisikia anaacha kila kitu chenye anafanya, ananyamaza, anangojea. Kisha inakuja ile ya kuendelea: fupi, inaanza juu na kuanguka chini. Watu wanarudia kazi yao. Kulikuwa amri ya kuvuta kamba na amri ya kuacha kuvuta, ya kuita watu wote ku sitaha, ya kushusha mashua ndogo, ya kwenda kula. Magaribi kulikuwa ile ya mwisho, yenye ilisema: kazi imeisha, muzime taa, mulale, kimya. Waingereza mpaka leo, hata wale hawajaona bahari, wanatumia jina la amri ile wakati wanamuambia mutu mwenye kelele anyamaze.

Baharia mupya alijifunza sauti hizi mu siku za kwanza, na hakuna mutu alimuuliza kama amezipenda. Amri ingefika wakati yuko juu ya mulingoti na mukono moja tu wenye kuwa huru. Kama watu kumi wanavuta kamba na mumoja anafikiri amri ni «acha», kamba inawachuna mikono wote, na muti muzito wa tanga unaweza kuanguka juu ya kichwa cha mutu.

Kwa sababu hiyo, kupiga muluzi kwa mudomo ilikuwa mwiko ndani ya meli. Mabaharia walisema muluzi unaita upepo mubaya. Kwetu pia wazee wanakatazaka mutoto kupiga muluzi usiku, wanasema ataita nyoka. Lakini ku meli mwiko ule ulikuwa na faida yenye kuonekana: muluzi wa mutu mwenye kujifurahisha ungeweza kuchanganya watu na amri ya kweli. Wanasimulia kwamba mutu mumoja tu aliachiliwa: mupishi. Muda wote anapiga muluzi, wanajua hajaweka nyama yao mu kinywa.

Kutoka ku makasia mpaka ku shingo ya mufalme

Mawazo ya kuongoza watu wa meli kwa sauti ya kupuliza ni ya zamani sana. Mu meli za vita za Wagiriki, zaidi ya miaka 2400 imepita, kulikuwa mutu mwenye kazi yake ilikuwa kupiga chombo cha kupuliza, ili watu 170 wenye kuvuta makasia wavute pamoja. Makasia yakichelewana yanagongana, na meli inasimama mbele ya adui.

Mu Uingereza, miaka 500 hivi imepita, filimbi ilipanda cheo. Mukubwa wa jeshi la maji alivaa filimbi ya zahabu ku munyororo kama alama ya mamlaka yake. Mu mwaka wa 1515, wakati meli mupya ilikuwa inaingizwa mu maji, Mufalme Henry wa 8 mwenyewe alionekana amevaa kama baharia, lakini mavazi ya zahabu, na filimbi ku munyororo. Wenye walikuwa pale walisema aliipiga kwa nguvu karibu sawa na tarumbeta.

Miaka miwili mbele ya ile, filimbi ya namna hiyo iliingia mu historia kwa njia ya huzuni. Tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka wa 1513, karibu na Brest, ku pwani ya Ufaransa, Sir Edward Howard, mukubwa wa jeshi la maji la Uingereza, aliruka ndani ya meli ya Wafaransa pamoja na watu wachache. Meli yake ikaachana na ile ya adui, wakabaki peke yao. Walimuona anatoa filimbi yake ku shingo na kuitupa baharini, ili adui asiipate. Kisha mikuki ilimusukuma, akaanguka ndani ya maji, akafa. Mu dakika yake ya mwisho hakutafuta kuficha feza yake. Alificha alama ya amri.

Kisha kuna meli Mary Rose. Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka wa 1545, karibu na Portsmouth, wakati ilikuwa inageuka mu vita na Wafaransa, ililala upande mumoja, maji ikaingia ku madirisha ya mizinga, ikazama. Mufalme alikuwa anaangalia ku pwani. Kati ya watu karibu 500, hata 40 hawakupona. Mu mwaka wa 1982 waliipandisha kutoka chini ya bahari, na kati ya maelfu ya vitu vyenye walipata kulikuwa filimbi za mabaharia, zenye umbo karibu sawa na za leo.

Kitabu chenye kusimulia maisha ya familia ya mukubwa wake, Sir George Carew, kinasema kwamba mbele kidogo ya kuzama alimuambia ndugu wa familia yake, mwenye alikuwa mu meli ingine, kwamba iko na watu wenye hawezi kuwatawala. Wataalamu wanabishana mpaka leo juu ya sababu za kuzama kule: upepo, uzito wa mizinga, madirisha yenye kuwa wazi. Lakini maneno yale yanafundisha kitu. Filimbi zilikuwa ndani ya meli, ku shingo za wakubwa. Filimbi inasaidia tu mahali watu wamekwisha kupatana kwamba sauti ile ikilia, kila mutu anafanya kazi yake.

Sababu gani feza?

Filimbi za kawaida zilifanywa na shaba ao chuma kingine cha bei ndogo. Ya feza ilikuwa zawadi, ao serahangi alijinunulia mwenyewe. Feza haile kutu mu chumvi ya bahari kama chuma cha kawaida. Inakuwa nyeusi tu, na kitambaa kinairudishia mwangaza. Tena ni laini, fundi anaweza kuichora bila shida. Ndiyo maana juu ya filimbi za zamani tunaona majani, maua, kamba zenye kusukwa, nanga, na wakati ingine jina la mwenye filimbi ao la meli yake.

Nyingi kati ya zile za miaka ya 1800 zilifanywa ku Birmingham, muji wenye kuwa katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Na hapa kuna jambo lenye kuchekesha. Tangu mwaka wa 1773, ofisi ya kupima feza ya Birmingham inapiga muhuri wa nanga juu ya kila kitu chenye imehakikisha. Kwa hiyo ukiona nanga ndogo juu ya kijiko cha feza cha Waingereza, usifikiri kilikuwa cha baharia: ni alama ya muji ule. Pembeni yake mara mingi utaona simba mwenye kutembea, mwenye kuonyesha kwamba mu grame 1000 za chuma kile, 925 ni feza ya kweli.

Ni mu muji huohuo pia Joseph Hudson alianza kutengeneza filimbi, mu mwaka wa 1870. Mu mwaka wa 1883 kampuni yake iliuzia polisi ya London filimbi, na mwaka wenye ulifuata ilitoa ile yenye kambegu ndani, yenye ma-arbitre wa dunia yote walikuja kutumia. Kwa hiyo ile sifle ya ku stade ni kama ndugu mudogo wa filimbi ya feza.

Upande wenye hauangaze

Tusifiche upande mwingine. Wasaidizi wa serahangi hawakubeba filimbi tu. Mu jeshi la maji la Uingereza walikuwa pia na kipande cha kamba ao fimbo, na baharia mwenye alichelewa kisha filimbi kulia alipigwa ku mugongo palepale, bila hukumu. Mu mwaka wa 1809 wakubwa wa jeshi lile walikataza desturi ile. Lakini hukumu ya kuchapwa viboko mbele ya watu wote iliendelea miaka mingi kisha, na wenye kuchapa walikuwa haohao wasaidizi wa serahangi. Kwa sisi wenye babu zetu walijua fimbo ya wakati wa ukoloni, haiko vigumu kuelewa kwamba sauti nzuri ya feza ilikuwa na woga ndani yake.

Kutoka ku kazi mpaka ku heshima

Leo meli haiongozwe tena kwa matanga. Lakini filimbi haikufa. Mu majeshi ya maji ya nchi nyingi, kama Uingereza, Marekani, Kanada na India, bado inalia, na mara mingi inasikika ku kipaza-sauti mbele ya tangazo, ili watu watege masikio.

Kazi yake kubwa sasa ni kupokea na kusindikiza wageni wa heshima, na desturi ile ilitoka ku kazi ya kweli. Zamani, bahari ikichafuka, mugeni mukubwa hakuweza kupanda ngazi ya kamba. Walimukalisha ku kiti cha kuning'inia, wakamuvuta juu kwa kamba. Filimbi iliwaambia wavutaji: muvute, polepole, mushushe. Kiti kilitoka, sauti ikabaki. Mu jeshi la maji la Marekani, mugeni anapita kati ya mistari miwili ya mabaharia wenye kupiga saluti. Wanaweza kuwa wawili mpaka nane, kulingana na cheo chake. Mabaharia wanafanya muchezo wa kusema kwamba hesabu ile inaongezeka kwa sababu wakubwa wa cheo cha juu ni wanene, wanaomba mikono mingi ya kuwavuta.

Filimbi inasindikiza pia wafu. Tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka wa 2021, ku Windsor, wakati wa maziko ya Prince Philip, bwana wa Malkia Elizabeth wa 2, mabaharia sita walisimama ku ngazi za kanisa. Walipiga amri ya kusimama, kisha ile ya kupokea mukubwa wakati sanduku lake lilikuwa linabebwa ndani. Philip alitumika mu jeshi la maji wakati wa vita ya pili ya dunia. Mu namna ya mabaharia, alipandishwa ku meli yake ya mwisho.

Na sisi wenye kusafiri ku maziwa?

Kuna usiku mumoja wenye kuonyesha filimbi inaweza kufanya nini hata bila feza. Mu usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 mwezi wa 4 mwaka wa 1912, Titanic ilizama mu Bahari ya Atlantiki. Charles Lightoller, afisa wa pili, alijikuta na wanaume 30 hivi wamesimama juu ya mashua ndogo yenye ilikuwa imepinduka. Maji ilikuwa baridi ya kuua. Aliwapanga kwa mistari, na kila wakati mawimbi yalikuja aliwaambia waegemee kuume ao kushoto, wote pamoja, ili mashua isizame. Kulipopambazuka aliona mashua zingine kwa mbali. Sauti ya mutu haingefika. Alipiga filimbi yake ya afisa. Mashua mbili zikageuka, zikakuja kuwachukua.

Angalia vitu viwili vyenye viliwaokoa: filimbi, na watu wenye kusikia amri moja na kuitii kwa mara moja.

Kisha musiba ule, nchi mbalimbali zilifanya mu mwaka wa 1914 mapatano ya kwanza juu ya usalama wa watu baharini. Mapatano yale yamebadilishwa mara nyingi, na leo yanaomba gile ya kuokoa ya meli kubwa iwe na filimbi yenye kufungwa na kamba. Ile ya plastiki, ya bei ndogo, inafanya kazi ileile. Mutu mwenye kuelea mu maji anachoka kuita kisha muda mufupi. Filimbi inaomba pumzi kidogo tu, na inasikika mbali kuliko kinywa.

Kwa hiyo, safari yenye kuja, wakati unapanda bato ku Goma, Bukavu, Kalemie ao Uvira, omba gile yako, uivae na kuifunga, kisha uangalie ku bega ao ku kifua: kuna filimbi? Ipulize mara moja, ujue inalia. Na uulize wafanyakazi wa bato: wakipiga filimbi mara moja, tufanye nini? Wakipiga mara mingi, tukimbilie wapi? Kama hakuna mwenye kuwa na jibu, mulitafute pamoja mbele bato haijatoka ku bandari.